SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA UKUBWA WA WESTIGETI KATIKA INJINI YA ROTARI YENYE TABO



Somo letu linahusu kifaa kidogo ambacho huamua kama injini itaishi au itakufa. Kifaa hicho ni westigeti, yaani mlango wa kupunguzia moshi katika injini yenye tabo. Tutajifunza namna ya kuchagua ukubwa wake, na mfano wetu utakuwa injini ya rotari. Tumechagua rotari kwa sababu injini hiyo haina msamaha. Fundi akikosea geti kwenye injini ya pistoni, huenda gari likarudi gereji likitembea lenyewe. Akikosea kwenye rotari, litarudi likivutwa kwa kamba.

Ndugu mmoja atauliza: injini za rotari ni chache kwetu, za nini kujifunza? Jibu ni kwamba kanuni ni ile ile kwa kila tabo. Subaru zenye tabo zimejaa Kampala na Nairobi, na malori ya dizeli yenye tabo yanapita kila siku kutoka Mombasa kwenda bara. Aliyeelewa geti la rotari hatashindwa na hayo mengine. Tena wenye magari ya mashindano wanapoleta kazi kama hii, hawatafuti mwenye cheti kikubwa, wanatafuta mwenye kuelewa.

1. TABO NA GETI LAKE

Tabo ina feni mbili juu ya shafti moja. Feni ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka katika injini. Feni ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli huongezwa, na nguvu huongezeka. Wazo hili ni la zamani: Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905.

Presha ya hewa inayosukumwa, juu ya presha ya kawaida ya nje, mafundi huiita busti. Hupimwa kwa bar au kwa psi. Bar 1 ni sawa na psi 14.5. Kwa hiyo busti ya bar 0.7 ni kama psi 10.

Sasa tazama hatari iliyopo. Moshi mwingi huzungusha feni kwa kasi. Feni ikienda kasi, hewa inazidi. Hewa ikizidi, moshi unazidi tena, na feni inaongeza kasi tena. Mzunguko huu hauna breki yake wenyewe. Ukiachwa, busti itapanda mpaka kitu kivunjike.

Breki yake ni westigeti. Geti hukaa upande wa moshi, kabla ya feni. Ndani yake mna valvu inayobanwa na springi. Busti ikifika kiwango kilichowekwa, presha yake hupita katika hosi nyembamba, inasukuma kiwambo, na kiwambo kinafungua valvu. Sehemu ya moshi hupita pembeni bila kugusa feni, na busti inasimama pale pale. Baadhi ya tabo zina geti la ndani, nalo ni kifuniko kidogo ndani ya nyumba ya tabo. Nyingine zina geti la nje lililofungwa kwenye manifoldi kwa bomba lake. Somo hili linahusu zaidi geti la nje, kwa kuwa ndilo fundi anaweza kulichagua kwa ukubwa anaoutaka.

2. INJINI YA ROTARI NA NAMBA INAYODANGANYA

Injini ya rotari haina pistoni wala valvu. Ndani yake mna rota yenye pembe tatu inayozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Felix Wankel, Mjerumani, aliitengeneza pamoja na kampuni ya NSU, na injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957. Kampuni ya Mazda ya Hiroshima, Japani, ndiyo iliyoiendeleza zaidi. Iliuza gari la Cosmo Sport kuanzia mwaka 1967, na RX-7 kuanzia mwaka 1978. Mwaka 1991 gari lake la 787B, lenye rota nne na bila tabo, lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa.

Injini tutakayoitumia ni ile iitwayo 13B. Ina rota mbili, na ujazo wake huandikwa sentimita za ujazo 1,308, ambazo ni 654 kwa kila rota. RX-7 ya pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, ilikuwa nayo ikiwa na tabo moja. RX-7 ya tatu, iliyotengenezwa kutoka 1991 hadi 2002, ilikuwa nayo ikiwa na tabo mbili zinazopokezana kazi. RX-8, iliyofuata mwaka 2003, haikutoka kiwandani na tabo.

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanasoma 1.3 na kufikiri ni injini ndogo, kisha wanafunga geti la injini ndogo. Tufanye hesabu.

Injini ya pistoni ya mapigo manne humeza ujazo wake wote katika mizunguko miwili ya shafti. Maana yake ni kwamba injini ya pistoni ya 1,308 humeza 654 tu kwa kila mzunguko. Lakini katika rotari, kila rota huwasha mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Rota mbili humeza 1,308 kwa mzunguko mmoja. Ili injini ya pistoni imeze kiasi hicho, inatakiwa iwe na ujazo wa 2,616. Kwa hiyo, ndugu, unaponunua geti la 13B, usifikirie injini ya 1.3. Fikiria injini ya 2.6.

Tuendelee. Kwa mizunguko 7,000 kwa dakika, 13B humeza lita 9,156 za hewa kwa dakika bila busti, ikiwa inajaa vizuri. Ukiiongezea busti ya bar 0.7, hewa hiyo hukaribia mara moja na sehemu saba, yaani zaidi ya lita 15,000 za hewa ya nje, tukiacha hasara za joto. Hewa yote hiyo lazima itoke tena ikiwa moshi.

Tena moshi wa rotari ni wa moto kuliko wa pistoni. Chumba chake cha kuwakia ni kirefu na chembamba, na moto hauwahi kumaliza kazi kabla tundu la kutolea moshi halijafunguka. Tundu hilo halina valvu. Ncha ya rota ikilipita tu, liko wazi, na moshi hutoka kwa kishindo. Joto la zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi si jambo la ajabu injini ikifanya kazi kubwa. Moshi wa moto hupanuka, na unaopanuka unataka njia pana.

Kuna jambo la tatu. Kila ncha ya rota ina sili ya chuma inayoteleza juu ya ukuta wa nyumba. Katika 13B ya tabo sili hizi ni 6, na unene wa kila moja ni milimita 2 tu. Busti ikizidi ile ambayo mfumo wa mafuta umepangiwa, petroli inapungua kulingana na hewa, na injini huanza kugonga. Pistoni huweza kuvumilia kugonga kwa muda. Sili ya rotari hupasuka. Vipande vyake huchuna ukuta wa nyumba, kisha hutoka na moshi na kwenda kupiga feni ya tabo. Injini na tabo hufa siku moja.

3. KANUNI KUU: BUSTI NDOGO, GETI KUBWA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Watu wengi hudhani kwamba busti kubwa inataka geti kubwa, na busti ndogo inataka geti dogo. Kweli ni kinyume chake.

Kumbuka kazi ya geti. Halipitishi moshi wote. Linapitisha ule usiotakiwa na feni. Tuchukue mfano wa darasani, nao si kipimo cha gari fulani. Tuseme injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, busti bar 0.7, inatoa ndoo 100 za moshi kwa sekunde. Feni inahitaji ndoo 60 kushikilia busti hiyo. Zinazobaki ni 40, nazo lazima zipite kwenye geti.

Mwenye gari anapandisha busti hadi bar 1.4. Injini sasa inatoa ndoo 140. Lakini feni nayo ina kazi kubwa zaidi, na inahitaji ndoo 115. Zinazobaki ni 25 tu. Nguvu zimeongezeka, mzigo wa geti umepungua. Tena presha ya moshi kabla ya feni imepanda, kwa hiyo tundu lile lile linapitisha zaidi kuliko mwanzo.

Mkulima wa mfereji anaelewa jambo hili. Akitaka maji machache shambani huku mto umejaa, ni lazima mlango wa kumwagia pembeni uwe mpana. Akitaka maji mengi shambani, mlango wa pembeni hauna kazi kubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye gari si "Unataka nguvu ngapi?" Mwulize: "Busti ya chini kabisa unayotaka gari lishikilie ni ipi?" Geti huchaguliwa kwa jibu hilo.

Swali la pili: "Bomba la ekzosi ni la aina gani?" Bomba jembamba la kiwandani huzuia moshi baada ya feni, na kizuizi hicho husaidia geti. Ukifunga bomba pana lisilo na kizuizi, feni inapata nguvu zaidi kutoka kwenye moshi ule ule, na geti la zamani linashindwa. Ndiyo sababu RX-7 za tabo hujulikana kwa ugonjwa huu: mwenye gari anabadilisha ekzosi peke yake, hagusi kitu kingine, na busti inaanza kupanda yenyewe mpaka kompyuta ya gari inakata petroli ili kuokoa injini. Katika magari hayo mafundi huchukua grainda ndogo na kupanua tundu la geti la ndani. Kazi hiyo inafaa kwa kiasi, mradi kifuniko kiendelee kufunika tundu lote na ukuta wa chuma usibaki mwembamba mpaka ukapasuka.

Swali la tatu: "Nyumba ya feni ya moshi ni kubwa au ndogo?" Nyumba ndogo huamsha tabo mapema, lakini juu kwenye mizunguko mingi inataka moshi mwingi umwagwe pembeni, na geti liwe kubwa. Nyumba kubwa huchelewa kuamka, na mzigo wa geti ni mdogo.

4. HESABU YA MLANGO

Mageti huuzwa kwa kipenyo cha valvu: milimita 38, 44, 45, 50, 60. Usidanganywe na kipenyo. Kinachopitisha moshi ni eneo, na eneo hukua haraka kuliko kipenyo. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha zidisha kwa 0.785. Utapata hivi:

Milimita 38: eneo ni milimita za mraba 1,134.
Milimita 44: 1,520.
Milimita 50: 1,963.
Milimita 60: 2,826.

Ona kwamba geti la 60 lina eneo la karibu mara mbili na nusu ya geti la 38, ingawa kipenyo hakikufika hata mara mbili. Ona pia kwamba mageti mawili ya 38 yana 2,268, nayo yanalishinda geti moja la 50. Mawili ya 44 yana 3,040, nayo yanalishinda geti moja la 60.

Eneo hilo linapatikana tu kama valvu inafunguka vya kutosha. Ili mlango wote utumike, valvu inatakiwa kuinuka robo ya kipenyo chake: milimita 11 kwa geti la 44, milimita 15 kwa geti la 60. Geti la bei rahisi ambalo valvu yake inainuka nusu tu ya hapo ni geti dogo lililoandikwa namba kubwa. Kabla ya kulifunga, lisukume kwa hewa ya kompresa iliyopunguzwa presha, upime kwa rula.

Kwa 13B yenye tabo moja kubwa na ekzosi pana, desturi ya mafundi wengi wa rotari ni kama ifuatavyo. Busti ya chini, kati ya bar 0.7 na 1.0: geti moja la 60, au mawili ya 44 hadi 50. Busti ya kati, bar 1.0 hadi 1.4: geti moja la 50 au 60, au mawili ya 38 hadi 45. Busti ya juu ya hapo: geti moja la 44 au 50 mara nyingi hutosha, mradi limewekwa mahali pazuri. Hizi ni namba za kuanzia kazi. Geji ndiyo itakayosema neno la mwisho.

Je, geti likiwa kubwa kupita kiasi kuna ubaya? Upo, lakini ni mdogo kuliko ubaya wa geti dogo. Linakula fedha na nafasi. Pia moshi wenyewe husukuma uso wa valvu, ukitaka kuifungua. Presha ya moshi ikiwa bar 1, valvu ya 38 inasukumwa kwa uzito wa kama kilo 12, na ya 60 kwa kama kilo 29. Geti kubwa lenye springi dhaifu linaweza kufunguka kabla ya wakati, na gari likawa zito. Lakini gari zito linarudi nyumbani. Kwenye rotari, ukisita kati ya ukubwa mbili, chukua ulio mkubwa.

5. MAHALI PA GETI NI SAWA NA UKUBWA WAKE

Geti la 60 lililowekwa vibaya linaweza kushindwa na geti la 44 lililowekwa vizuri. Moshi unakwenda kwa kasi, nao hupenda kwenda mbele. Bomba la geti likichomelewa kwa pembe ya mraba, au likielekea nyuma, moshi utalipita na kwenda kwenye feni. Bomba lichepuke kidogo kidogo, kama barabara inayotoka kwenye barabara kuu, na lielekee kule moshi unakokwenda.

Manifoldi ya 13B ina matawi mawili, moja kwa kila rota. Geti likiwa moja, lichukue moshi pale matawi yanapokutana, au liunganishwe na yote mawili. Likichukua kwenye tawi moja tu, linapunguza moshi wa rota moja, na rota ya pili inaendelea kusukuma feni kama kawaida. Nyumba ya tabo ikiwa na ukuta wa kugawa njia mbili, mageti mawili, moja kwa kila njia, ndiyo kazi safi.

Bomba la kwenda kwenye geti lisiwe jembamba kuliko valvu. Kufunga geti la 50 juu ya bomba la 38 ni kununua geti la 38 kwa bei ya 50. Baada ya geti, moshi ukirudishwa katika ekzosi, uunganike mbali kidogo na tabo, kwa pembe ndogo, usije ukagongana na moshi wa feni.

6. SPRINGI NA HOSI

Springi huweka busti ya chini. Hakuna kifaa cha kuongoza busti kinachoweza kushusha chini ya springi. Kinaweza kupandisha tu, na kanuni ya kawaida ni kwamba kisivuke sana mara mbili ya springi. Mwenye gari akitaka bar 0.7 kwa safari na bar 1.2 kwa mashindano, springi iwe ya bar 0.7, na ukubwa wa geti uchaguliwe kwa bar 0.7.

Hosi ya kupeleka presha kwenye geti ichukue presha karibu na tabo, upande wa hewa. Iwe mbali na joto la manifoldi, ifungwe kwa klipu kila ncha. Hosi hii ni ya bei ndogo kuliko kitu chochote katika kazi hii, lakini ikichomoka au ikiungua, geti halitapata habari, halitafunguka, na injini itakwisha kwa sekunde chache. Ikague kila gari linapoingia gereji.

7. KUPIMA NA KUSOMA GEJI

Usipime barabarani kati ya watu. Tumia mashine ya kupimia nguvu au njia iliyofungwa. Funga springi laini, ondoa kifaa cha kuongoza busti, na hakikisha mchanganyiko wa petroli unasomwa na chombo. Panda gia ya tatu, kanyaga, na mwenzako aangalie geji ya busti pamoja na mizunguko. Busti ikipita springi kwa bar 0.2, achia mara moja. Kisha soma ugonjwa.

Busti ikifika kiwango na kubaki pale mpaka mwisho: geti linatosha.

Busti ikifika kiwango, kisha ikapanda pole pole kadiri mizunguko inavyoongezeka: geti ni dogo, au bomba lake limewekwa vibaya. Kubadilisha springi hakutasaidia, kwa sababu mlango tayari uko wazi wote. Kuchezea kompyuta hakutasaidia pia.

Busti ikiruka juu kwa ghafla, kisha ikarudi kwenye kiwango: ukubwa wa geti si tatizo. Tazama hosi ndefu mno au kifaa cha kuongoza kinachochelewa.

Busti ikipanda moja kwa moja bila kusimama: geti halifunguki kabisa. Hosi imechomoka, kiwambo kimepasuka, au valvu imekwama.

Busti ikishuka kwenye mizunguko mingi: springi ni dhaifu na moshi unaifungua valvu kwa nguvu, au tabo yenyewe ni ndogo.

Mwangalie mgonjwa wa pili na wa nne. Wote wana busti iliyozidi, lakini dawa zao ni tofauti kabisa. Fundi anayewachanganya atauza springi kwa mtu anayehitaji geti, au atauza geti kwa mtu anayehitaji hosi.

8. GARI LA MILIMANI LIKISHUKA PWANI

Kampala iko kwenye kimo cha kama mita 1,200, na presha ya hewa ni kama bar 0.88. Nairobi iko karibu mita 1,800, na presha ni kama bar 0.82. Mombasa ni kama bar 1.01. Springi ya geti hulinganisha busti na hewa ya nje, kwa hiyo geji itasoma 0.7 kila mahali. Lakini injini inameza jumla: Nairobi ni 1.52, Kampala ni 1.58, Mombasa ni 1.71. Gari lililopimwa Nairobi na kushushwa Mombasa linapata presha ya jumla iliyozidi kwa kama asilimia 12, moshi wake unaongezeka, na joto la pwani huongeza hatari ya kugonga. Geti lililotosha kwa shida mlimani huenda lisitoshe baharini. Lipimie nafasi hiyo mapema, na mwambie mwenye gari kabla hajaondoka.

9. USALAMA NA KADI YA KAZI

Geti linalomwaga moshi nje hutoa sauti kali na moto. Usiwashe injini hiyo ndani ya karakana iliyofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ziba masikio, vaa glavu, na weka mbali vitambaa vyenye petroli.

Mwisho, andika. Kwenye kadi ya kazi weka kipenyo cha geti, springi, aina ya ekzosi, busti uliyosoma kila baada ya mizunguko 1,000, na mahali gari lilipopimiwa. Mwenye gari akikataa geti kubwa kwa sababu ya bei, andika hivyo, naye atie sahihi. Injini ikivunjika, lawama humwangukia aliyeshika spana ya mwisho. Mara nyingi kosa lilifanyika dukani, pale geti lilipochaguliwa kwa bei au kwa namba ya 1.3. Kadi yenye namba itasema ukweli hata kama fundi hayupo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Gari mbili zina 13B sawa na tabo sawa. Moja inataka bar 0.7, nyingine bar 1.4. Ipi inahitaji geti kubwa?
2. Geti moja la 50 na mageti mawili ya 38: yapi yana eneo kubwa?
3. Busti inapanda pole pole pamoja na mizunguko. Mwenye gari anataka ubadilishe springi. Utamjibu nini?
4. Kwa nini 13B ihesabiwe kama injini ya 2.6?

MAJIBU

1. Ile ya bar 0.7, kwa sababu moshi usiotakiwa na feni ni mwingi zaidi.
2. Mawili ya 38: milimita za mraba 2,268 dhidi ya 1,963.
3. Springi imekwisha fungua mlango wote. Kinachotakiwa ni mlango mpana zaidi, au bomba lililokaa vizuri.
4. Kwa sababu humeza 1,308 kwa kila mzunguko wa shafti, na injini ya pistoni inahitaji ujazo wa 2,616 kufanya hivyo.

Ndugu, lisomeni somo hili pamoja na vijana wanaojifunza kazi, gari likiwa mbele yenu na rula mkononi.